Bwanga ya Papa Shen

Juma lililopita jirani yangu hapa Kolwezi alianza kuchimba kisima. Sikuwaona wachimbaji. Niliamka nikapokewa na harufu tu, ya udongo mbichi uliotoka chini ambako jua halijawahi kufika, harufu baridi kama ya chuma kilicholowa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka mezani bila kukinywa, nikajifunika kitenge, na mume wangu akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia hapana, ni Kamina. Hakuelewa, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumweleza. Naandika sasa kwa ajili yake, na kwa ajili yenu mliokuwa watoto miaka ileile, mlioona Wachina wa kwanza wakishuka kwenye malori na kofia zao za plastiki, mkawakimbilia, kisha mkawakimbia.

Tulikaa Kamina, katika nyumba za reli, zile za matofali mekundu zilizopangwa mstari mmoja, hatua chache kutoka depo ambako baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Baba alikuwa mtu wa Kongolo aliyeletwa Kamina na kazi. Mama alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, binti wa wakulima wa mihogo wa kijiji cha jirani. Na baba tulisema Kiswahili, na mama Kiluba, na mwalimu Kifaransa, na kati ya hizo tatu mtoto alijiokotea maneno popote alipoyakuta. Ninaanza na habari hiyo ya lugha kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Kampuni iliyokuja kutengeneza barabara ilikosa vyumba vya kutosha kambini kwake, ndipo fundi wao wa mitambo akapanga chumba chetu cha uani. Jina lake lilikuwa Shen. Mama alisema mtu mzima haitwi kwa jina kavu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza akawa Papa Shen. Alikuwa na umri kama wa baba, mfupi, mwembamba, na kucha zenye weusi wa oili ambao sabuni yoyote haikuuweza. Jioni alikaa kwenye ngazi ya chumba chake na chupa ya maji ya moto yenye majani yanayoelea ndani, akinywa huku amebana meno ili majani yabaki nje. Kiswahili alijua jambo, maji, hapana na kesho. Kilichobaki alikisema kwa mikono, au kwa kinywa cha Deo, kijana wa kwetu aliyesoma miaka miwili huko China na sasa alikuwa mkalimani wao.

Alikuwa na maneno aliyoyasema kila shida ilipotokea; mara ya kwanza kuyasikia, lori lilikuwa limezimika mbele ya nyumba yetu. Mkubwa wao alikuwa anafoka kwenye simu, madereva wanabishana, vijana wanasukuma bila faida. Papa Shen akafunua injini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akasema kwa sauti ya chini: "Bu hwang, bu mang." Baada ya muda mfupi lori likanguruma. Mara ya pili ilikuwa mafuta ya mama. Kila asubuhi mama alikaanga mikate ya kuuzia wafanyakazi wa depo, na siku hiyo moto ulirukia karai, ukawa mrefu kuliko mimi. Mama akakamata ndoo ya maji. Papa Shen akatoka chumbani na povu la dawa ya meno mdomoni, akamzuia mkono, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akaufunika moto taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Na akiwa anafunika alikuwa ananong'ona yaleyale.

Sasa mnisikilize kwa masikio ya mtoto wa Kiluba. Bwanga ni dawa ya mganga, kile kitu kinachofichwa ndani ya pembe au chupa na kuzikwa mlangoni. Zikiwa nyingi huitwa manga. Mimi, kwa miaka yangu tisa, nilisikia wazi kabisa: bwanga bu manga. Mchina anasema Kiluba! Tena anataja dawa, kila mara jambo linapoharibika, na kila mara jambo linamtii.

"Mama," nilisema jioni ile, "Papa Shen iko na bwanga. Nilimusikia anaiita."

Mama aliacha kupepeta unga. "Weye mutoto, ile neno usiirudie mu nyumba yangu. Sisi tunaenda misa. Na ule baba eko muntu muzuri."

Hakusema kwamba nimekosea. Alisema nisirudie. Mtoto anaijua sana tofauti hiyo. Kesho yake nilimwambia rafiki yangu Mwadi tukiwa njiani kwenda shule.

"Bongo!" alisema Mwadi, yaani uongo.

"Haiko bongo. Minyi nilisikia na masikio yangu. Anaita bwanga, na motere ya lori inawaka."

Mwadi alimwambia bibi yake, na bibi yake aliwaambia wanawake wa kwaya. Sijui neno lilipita wapi baada ya hapo, ila najua lilivyorudi nyumbani. Karai la mikate la mama likawa linarudi limejaa nusu kutoka depo. Mama Kasongo, mjane aliyeishi ng'ambo ya ua wetu na kuchota maji kisimani kwetu, alifiwa na kuku wake wote kwa siku tatu, naye akaanza kuzunguka njia ndefu ili asipite mbele ya chumba cha uani. Papa Shen alipowasalimia jambo, watu waliangalia ardhi. Watoto waliomvamia mwanzoni wakitaka kugusa nywele zake, sasa walitawanyika alipotokea kwenye kona. Na mimi, niwaambie ukweli, nilifurahi. Wakati wa mapumziko shuleni walinizunguka wakubwa na wadogo, kwa sababu mimi ndiye niliyelala nyumba moja na bwanga.

Ulikuja wakati wa kiangazi, kisima chetu kikabaki matope. Tulikuwa tunafuata maji mbali, karibu na parokia. Siku moja niliingia uani na beseni kichwani, gauni limelowa mpaka chini, na maji yaliyobaki hayakufika nusu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilijua mama atanirudisha. Papa Shen alikuwa kwenye ngazi yake. Akaniita kwa mkono. Nilisimama mbali.

Akajaza kikombe chake mpaka juu kabisa, akakiweka juu ya kiganja, akaanza kuniigiza. Kwanza alitoa macho, akapandisha mabega, akatetemeka mwili mzima mpaka chai ikamwagika. "Hwang," alisema, akijionyesha kifua. Akajaza tena. Mara hii akakimbia, akajikwaa makusudi, chai ikaruka. "Mang." Kisha akatikisa kidole, kama anavyofanya mtu anayekataa: "Bu. Bu hwang. Bu mang." Akajaza mara ya tatu, akavuka ua mzima mpaka jikoni na kurudi. Hakutembea polepole. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote. Alikwenda upesi, lakini macho yalikuwa mbele na mkono umetulia, na halikudondoka hata tone. Nilicheka, na machozi bado yako mashavuni.

Deo alifika baadaye kumletea vipuri, nikamuuliza maana yake nini.

"Kwabo," Deo alisema, "ni neno ya kusema muntu anafanya mambo yake bila woga na bila haraka-haraka. Bu ni hapana. Hwang ni kule kutetemeka ndani, mang ni kule kukimbizana. Unaweza kuisema hata hamuna hatari. Mama yako anageuza mikate mu mafuta ya moto bila kujiunguza? Basi anageuza bu hwang bu mang. Haiko sala, haiko amri. Ni sifa ya muntu. Papa Shen njo anaigeuza amri, anajiambia yeye mwenyewe."

"Kumbe haiko bwanga?"

Deo alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwanga ya nini, weye?"

Ningeweza kwenda kwa Mwadi jioni ileile, nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho yake watoto wakanizunguka tena wakiuliza bwanga imefanya nini jana, nikatunga jambo.

Lilipita juma moja hivi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mjomba Kalenga, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kuongeza kina cha kisima. Alikuwa mchimbaji hodari na mtu wa kelele. Tulimsikia akiimba kutoka chini, wimbo unatoka ardhini kama redio iliyozikwa. Mwenzake alivuta ndoo juu. Mama alikuwa anafua. Mimi nilikuwa napanga udongo mbichi kuwa vijumba. Kisha wimbo ukakatika.

Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti nzito, fupi, kama gunia la mahindi linapoangushwa. Upande mmoja wa kisima ulikuwa umebomoka. Mwenzake mjomba alipiga yowe, na mama akaruka, akalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo. "Kalenga! Kalenga weee!" Kutoka chini ikaja sauti ya mjomba, ndogo sana, ikisema hawezi kupumua vizuri, udongo umemfika kifuani.

Watu walijaa uani kama nyuki. Kila mmoja alitaka kuchungulia, kila mmoja alitaka kushika kamba, na kila walipokaribia ukingo udongo ulimomonyoka na kumwangukia mjomba kichwani. Papa Shen alitoka chumbani na ndara mguu mmoja. Aliona mara moja kile ambacho sisi hatukukiona. Akajitupa kati ya watu na shimo, akatanua mikono, akiwasukuma nyuma, akipiga kelele kwa nguvu zote, na katika hofu ile Kiswahili chake kidogo kilimtoka, yakabaki yale maneno tu: "Bu hwang! Bu mang! Bu hwang! Bu mang!"

Macho yote yakamgeukia.

"Munasikia?" alisema Mama Kasongo. "Munamusikia? Anaita manga yake juu ya mutoto wetu!"

Wakamkamata. Mama Kasongo alimshika shati likapasuka begani. Wanaume wawili wakamkunja mikono nyuma, mmoja akaokota jembe. Wengine wakasema afungwe kwanza, mwingine akasema atupwe humohumo shimoni afuate alichokitega. Papa Shen hakuwa anapigana nao. Alikuwa anaelekeza kichwa kisimani, akilia yaleyale kwa lugha yake, na mimi peke yangu katika ua ule nilijua anachosema. Deo hakuwepo. Baba alikuwa depo.

Nataka niseme nilikuwa jasiri. Hapana. Nilisimama nimeshika donge la udongo na nilitaka kuwa donge. Kilichonitoa mahali pale ni sauti ya mjomba ikikohoa chini, na udongo mwingine kidogo ukishuka, shaa, kama mchele.

"Ni bongo!" nilipiga kelele. "Haiko bwanga! Ni minyi njo nilidanganya!"

Walinigeukia. Nikasema yote kwa mfululizo, sijui kwa lugha gani: kwamba bu ni hapana, kwamba anasema musiogope, musikimbizane, kwamba Deo alinieleza, kwamba nilijua. "Anataka murudi nyuma! Munamwangushia mujomba udongo! Murudi nyuma!"

Mama aliinuka kutoka ardhini. Uso wake ulikuwa mwekundu wa vumbi. Aliniangalia mara moja tu, kisha akawageukia wale wanaume.

"Mumuachie."

"Mama, mutoto huyu..." mmoja wao alianza.

"Kalenga ni ndugu yangu wa tumbo moja. Haiko ndugu yenu. Minyi njo nasema, mumuachie."

Wakamwachia. Papa Shen hakupoteza muda hata wa kushika bega lake. Alikimbilia mlango wa chumba chake, akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza karibu na ukingo ili uzito usielemee mahali pamoja. Wanaume wakaelewa. Milango yote ya nyumba yetu ikang'oka, na miwili ya Mama Kasongo. Papa Shen akachora ardhini pipa, akaonyesha kukata juu na chini. Mtu akakimbia kambini kulifuata. Mtu mwingine akakimbia depo, na baba akaja na wenzake wamebeba mnyororo wa kunyanyulia na mbao nene. Walishusha pipa lile lisilo na vifuniko taratibu mpaka likamzunguka mjomba kichwa na mabega, ili udongo ukianguka tena usimzibe pumzi. Kilichobaki kikawa mtu wa kushuka kumchimbua, na Papa Shen akajigusa kifua. Alikuwa mwembamba kuliko wote.

Baba ndiye aliyemfunga kamba. Nilikuwa nimekaribia, hakuna aliyenifukuza, na niliona magoti ya Papa Shen. Yalikuwa yanagongana ndani ya suruali. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na nilijua inasema nini. Kisha akashuka, na beseni dogo la mama la kuoshea mboga.

Walimtoa mjomba saa tisa alasiri. Alikuwa na rangi ya majivu, mguu wake ulielekea upande usio wake, lakini alikuwa anapumua, na alipoona anga alisema anataka maji. Hospitali ilimkalisha wiki nyingi. Mpaka leo anatembea akiegemea upande mmoja, na hajaingia tena shimoni. Analima mihogo na kuwapigia watoto wake kelele.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, mama alifunga kitambaa chake upya kichwani na kuniita.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juma moja."

"Juma moja." Aliyarudia maneno hayo kama anayapima uzito. Nilingoja kofi. "Vaa viatu. Leo tutatembea."

Tulianza kwa Mwadi. Mama alisimama nje kwenye njia, hakuingia, hakunisaidia hata neno. Niliingia peke yangu, nikasema: nilidanganya juu ya Papa Shen, haiko na bwanga, ile neno maana yake bila woga na bila haraka, na nilijua nikanyamaza. Nyumba baada ya nyumba, mpaka sauti ikanikauka. Nilitegemea kutukanwa. Wengi hawakunitukana. Waliangalia pembeni, na baadhi walinipa kiti, na nikaona kwamba nilikuwa nimewaletea aibu ambayo haikuwa yangu peke yangu. Mama Kasongo alisikiliza mpaka mwisho, akakunjua mikono yake miwili, akaitazama. "Nilimupasulia shati," alisema. "Na hii mikono." Akaingia ndani bila kuniaga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu wenyewe, chumba cha uani, ambacho mlango wake ulikuwa bado umelala kisimani. Mama alimwita Deo atafsiri. Papa Shen alikuwa ameketi na mkono wenye bandeji, uliochubuka kisimani, juu ya paja. Nilisema yangu. Deo aligeuza taratibu, na alipofika kwenye neno bwanga ilibidi aeleze kwa muda mrefu. Papa Shen alisikiliza bila kusogea. Kisha akasema jambo, na Deo akamwomba arudie.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anasema..." Deo alikuna shingo. "Anasema siku zote hizi alifikiri ni juu ya harufu. Vitunguu saumu na ile mafuta anapikia. Alifikiri harufu yake njo inawakimbiza bantu. Njo maana aliacha kupika. Miezi mbili anakula biskuti."

Mama alikaa chini palepale kwenye ngazi.

Nilikuwa na swali moja, na nilijua nikilikosa siku ile sitalipata tena. Nilimuuliza mwenyewe, si kupitia Deo: "Papa Shen, mu shimo, uliogopa?"

Alinielewa. Kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulilegea. Akagonganisha magoti yake mawili kwa mikono, ta-ta-ta-ta, ili nione. "Ogopa," alisema kwa Kiswahili. "Ogopa sana. Ogopa... mingi." Mama alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akajifuta kwa ncha ya kitenge na kuinuka.

"Deo, mwambie apike. Leo. Apa kwa jiko yangu, na vitunguu yake yote."

Barabara ilipofika mbele kuelekea Luena, kampuni ilihama na yeye akaenda nayo. Aliaga kwa kutushika mikono mmoja mmoja, na sijui yuko wapi sasa wala kama yu hai. Lakini Jumapili ile alipika. Mama alimpa karai lake la mikate, na yeye akamenya vitunguu saumu kiganja kizima, akavitupa kwenye mafuta, na harufu ikapanda, ikavuka ua, ikaingia nyumba za mstari wetu, kwanza zile mbili zilizokuwa bado hazina milango. Niliona kitambaa cha Mama Kasongo kikitokeza juu ya ua. Alisimama pale muda mrefu.

"Ni nini ile inanukia?" aliuliza mwishowe.

"Ni chakula ya Papa Shen," mama alijibu bila kugeuka. "Kuya na sahani yako."

Alikuja. Alikuwa na sahani mkono mmoja, na mkono mwingine alikuwa ameshika sindano na uzi.